Mjadala: Rodeo ya mashoga ni rodeo kamili?

KAMBA NGUMU: Tangu Phil Ragsdale aandae ile ya Reno, Nevada, mwaka 1976, mashoga wa Marekani wana rodeo zao, yaani mashindano ya makauboi ya kupanda na kukamata mifugo, na tangu 1985 wana chama chao cha rodeo, IGRA. Sina ugomvi na mtu kwa anavyoishi. Ila kuna shindano la kumvalisha mbuzi chupi. Hilo linaingiaje kwenye ukauboi? Kauboi ni mwanamume anayekaa sekunde 8 juu ya fahali aliyefungwa korodani, ameshika kamba kwa mkono mmoja.

BIBI TANDIKO: Hapo kwenye korodani umepotea, ndugu yangu, na uongo huu umesambaa mno. Mkanda anaofungwa mnyama ili aruke unapita kiunoni, nyuma ya mbavu na mbele ya nyonga. Haugusi korodani. Wa farasi huwekwa manyoya ya kondoo kwa ndani, wa fahali ni kamba laini ya pamba. Ukikazwa kupita kiasi mnyama anagoma, anasimama au analala, na mpandaji anakosa alama. Halafu farasi wengi wanaorusha watu ni majike. Hao wamefungwa korodani gani?

KAMBA NGUMU: Sawa, kiunoni. Bado unamkera, ndiyo maana anaruka.

MFUGAJI WA MBEYA: Unamfanya arushe miguu ya nyuma juu zaidi, lakini fahali wale wamezalishwa kwa kuchagua ukoo wa warukaji. Mfunge ng'ombe mpole uone kama ataruka. Na nusu ya alama 100 ambazo majaji hutoa ni za mnyama, kwa hiyo hakuna anayetaka fahali mwenye maumivu asiyecheza.

SAUTI YA UWANJA: Mimi kilichonichoma ni "kauboi ni mwanamume". Wanawake walipanda farasi wakali mbele ya watu kwa miaka mingi. Mwaka 1929 huko Pendleton, Oregon, Bonnie McCarroll aliangukiwa na farasi, mguu ukanasa, akaburutwa, akafa siku chache baadaye. Vikanyagio vya tandiko lake vilikuwa vimeunganishwa kwa kamba chini ya tumbo la farasi, jambo walilofanyiwa wanawake eti liwasaidie kukaa. Ukianguka, mguu hautoki! Badala ya kupiga marufuku kamba ile, wakawaondoa wanawake. IGRA wamerudisha haki hiyo: mwanamke anapanda fahali, mwanamume anakimbiza farasi kuzunguka mapipa 3, na pipa likianguka ni sekunde 5 zinaongezwa kwa yeyote.

BIBI TANDIKO: Na mbuzi tusimdharau. Wanakwenda wawili. Mmoja anakamata miguu ya nyuma, mwenzake anahamisha chupi kutoka mikononi mwake hadi ipite shina la mkia, kisha wote wanakimbia kurudi mstarini. Wanaoshindwa ni wale wanaomvamia wote kichwani, mbuzi anajipinda na miguu haikamatiki.

KAMBA NGUMU: Mbuzi si fahali. Mnatetea mchezo wa sherehe.

MFUGAJI WA MBEYA: Na yule anayeangushwa kwa pembe kwenye rodeo zenu kubwa ni maksai, kahasiwa. Mbona hujauliza uanaume wake? Ragsdale wafugaji walimnyima mifugo waliposikia ni ya mashoga, akaishia na ng'ombe 5, ndama 10, nguruwe mmoja na poni mmoja. Kwenye kupanda fahali, jaji anatazama saa na mkono wa pili, ule usioshika kamba. Mkono huo ukimgusa mnyama ni sifuri, uwe unalala na nani.

KAMBA NGUMU: Basi niambieni hizi fulana za kinga na helmeti. Zamani mtu alipanda na kofia yake tu.

SAUTI YA UWANJA: Zamani ipi? Mpanda fahali Lane Frost alifia rodeoni Cheyenne, Marekani, 1989 akiwa ameshamaliza sekunde zake 8, yuko chini, fahali akamgonga mgongoni kwa pembe. Fulana zilikuja baada ya msiba ule. Sasa unataka watu wazivue ili waonekane madume?

BIBI TANDIKO: Fulana haikuokoi mkono ukinasa. Kengele nzito chini ya kamba anayoshika mpandaji ipo ili kamba idondoke mkono ukishaachia. Mtu akiangukia upande usio wa mkono wake, kiganja kinapinduka ndani ya kamba na hakifunguki. Hapo usilale. Kimbia na fahali, sambamba na bega lake, kwa mkono ulio huru vuta ule mkia wa kamba hadi ilegee. Ukipoteza miguu unaburutwa chini ya kwato.

MFUGAJI WA MBEYA: Na utomvu, ule unaopakwa ili mkono usiteleze, ukiwa mwingi kwenye glavu ndiyo unazidi kushika. Mtu anaweza kunasa kwa hilo.

KAMBA NGUMU: Wa farasi nao wanapaka?