Jimny yangu: niinue bodi au saspensheni?

Mwenye Jimny, Malindi

Assalam aleikum jamani, na wasio wa salamu hiyo habari za jioni.

Nina Suzuki Jimny ya injini 1300, gia za mkono, bado na matairi ya saizi ya kiwandani, 205/70R15. Naishi mjini lakini shamba la mama liko ng'ambo ya Sabaki, mbele ya Marafa. Ukishaipita Nyari unaacha barabara unaingia njia ya matrekta. Kiangazi ni mchanga mtupu, sina neno nao sana. Masika ndiyo balaa. Matrekta yanachimba mifereji miwili, katikati panabaki mgongo, basi gari inakwenda ikikwaruza chini kama mtu anayekuna nazi. Mwezi wa tano nilikaa juu ya mgongo huo saa nne nzima, matairi yanazunguka hewani, mpaka vijana wakaja na majembe.

Nataka kuvalisha 235/75R15. Nilizijaribu za rafiki yangu: ukienda moja kwa moja sawa, ukikata kona zinasugua bampa na matao. Fundi wa kwanza ameniambia tuinue bodi inchi mbili, kazi ya siku moja, bei ya mbuzi wawili wazuri. Wa pili amesema huo ni upuuzi, niagize springi ndefu na shokapu zake, bei ya ng'ombe wa maziwa na ndama wake juu. Wote wawili wanaapa. Nimsikilize nani?

Na jambo jingine, msinicheke: mama ana goti bovu. Hivi ilivyo sasa anapanda kwa kushika mlango na kumtaja Mungu.

Fundi Mstaafu wa Maweni

Waleikum salaam, mwanangu. Mafundi wako wote wawili wamekwambia ukweli, ila kila mmoja amejibu swali ambalo wewe hukuuliza.

Bodi na chasisi, ile fremu ya chuma iliyo chini yake, ni vitu viwili. Kwa gari kama Jimny bodi imekalia chasisi kwa boliti, na baina yake kuna raba. Kuinua bodi ni kutia vipande hapo kwenye raba na kubadili boliti ziwe ndefu. Basi. Chasisi haikwenda popote, ekseli (kile chuma kinachounga magurudumu mawili) haikwenda popote, difu (lile bonge la gia kwenye ekseli) iko palepale ilipokuwa jana. Ulichopata ni nafasi ya tairi ndani ya matao. Ukiuona mgongo wako wa Marafa tena, utaukwaruza vilevile, isipokuwa sasa unaukwaruza ukiwa umekaa juu zaidi.

Kuinua saspensheni ni kubadili springi. Hapo chasisi inapanda, sanduku la gia linapanda, tangi linapanda. Lakini difu? Difu imo ndani ya ekseli, na ekseli imekaa juu ya matairi, si juu ya springi. Jimny ina ekseli nzima mbele na nyuma, kwa hivyo hata uweke springi za lori, difu haisogei unywele. Kinachoinua difu ni tairi peke yake, tena nusu tu. Piga hesabu: 205/70R15 ina kimo cha milimita 668 hivi, 235/75R15 ina 733. Imezidi 65, lakini ekseli iko katikati ya gurudumu, kwa hivyo umepanda 33 tu.

Sasa nikwambie yangu ili usirudie. Zamani nilikuwa na pikapu ya kazi, nikataka kuinua bodi na sikuwa na pesa. Nikaenda kwa seremala wa majahazi, akanikatia vipande vya mbambakofi, vizuri mno, vimepigwa randa, unaona haya kuvificha chini ya gari. Nikasema mti huu unashika bahari miaka, utashindwa na bodi ya pikapu? Miezi mitatu. Barabara yenye mawimbi ilivipasua kimoja kimoja, boliti zikapinda, mlango wa dereva ukawa haufungi. Kabla ya hapo feni ilikuwa imeshakula kava ya radieta, maana kava ilipanda pamoja na bodi na feni ikabaki na injini. Mpira wa kujazia mafuta ukavutika ukaanza kuvuja. Mimi ni fundi, na haya yote nilijifanyia mwenyewe.

Kwa hivyo ukiinua bodi, vipande viwe vya alumini au plastiki ngumu ya kazi hiyo, usizidishe inchi mbili, na ukague shafti ya usukani, mipira ya breki, waya wa ardhi, mpira wa mafuta na feni, kabla hujatoka getini.

Springi nazo zina yake. Ukiinua Jimny kwa springi tupu, zile fimbo za kushika ekseli ya mbele zinaigeuza kidogo, usukani unakuwa mwepesi, haurudi wenyewe, na ukifika mwendo wa 70 au 80 unaanza kutetemeka mikononi kama umeshika kuku anayechinjwa. Dawa yake ni bushi maalumu, zile raba za kwenye maungio ya fimbo hizo, za kurudisha pembe ya ekseli. Ukinunua springi bila kuuliza hizo bushi, umenunua nusu ya kazi. Na mipira ya breki ifike: inua gari mpaka magurudumu yaning'inie, uone kama imekazika.

Kesho asubuhi tandika mkeka, lala chini ya gari, uangalie chuma kimeng'aa wapi. Kisha uje utuambie.

Dada wa Ngomeni

Shikamoo mzee. Mimi nabeba samaki kwa Hilux, Ngomeni hadi Malindi. Nyuma ina zile springi za vipande vilivyopangana. Niliongezwa vipande viwili kila upande, na mbele wakakaza toshenba, zile fimbo za chuma zinazojipinda badala ya springi, mpaka mwisho. Nikiwa na makreti na barafu, gari imetulia kama kitanda. Nikirudi mtupu inaruka kama mbuzi, na raba za shafti za mbele zimepasuka mara mbili. Kaka wa Jimny, springi zinaagizwa kwa uzito unaobeba kila siku, si kwa urefu tu. Wewe unabeba mama na magunia mangapi?

Na hizo njia za mchanga, umewahi kupunguza upepo wa matairi? Siku hizi nikiiona njia ya mchanga nashusha kabla sijakwama. Jimny ni nyepesi, psi 15 au 16 inatosha, ukifika lami ujaze tena. Pampu ya kuchomeka kwenye betri ni rahisi kuliko springi yoyote. Ufukweni Mambrui usiende nayo tafadhali, chumvi itakula hiyo chasisi mnayoibishania, na kasa wanataga pale.

Mwenye Jimny, Malindi

Shikamoo mzee, na ahsante dada. Nimelala chini, mke wangu akadhani nimezimia.

Chasisi ni safi, ina rangi yake na vumbi. Sanduku la gia safi. Difu zote mbili zimeng'aa kama sufuria ya pilau, na vile vishikizo vya shokapu za nyuma chini vimeparuzika. Mzigo ni mama, mimi na magunia mawili ya mahindi au maembe, msimu kwa msimu.

Fundi Mstaafu wa Maweni

Marahaba. Basi umeshajibiwa na gari lako. Vilivyong'aa vyote viko kwenye ekseli, na mbuzi wala ng'ombe hawezi kuviinua. Weka 215/75R15. Ina kimo cha milimita 703, inakupa kama 18 chini ya difu, na kwa kawaida inaingia bila kuinua chochote. Ni kidogo, najua, lakini kwa masika chagua yenye meno ya tope, na usifuate mifereji ya matrekta: tairi moja juu ya mgongo, moja nje. Hiyo peke yake inazidi inchi mbili.

Ukiweka zile 235, mshale wa mwendo ukisoma 80 wewe uko 88, na injini ya 1300 itaisikia gia ya tano kwa jina tu, hasa upepo ukiwa wa mbele. Ukizitaka kweli, hapo ndipo uinue saspensheni, na bushi zake, na uwaambie watu wa bima.

Mwenye Jimny, Malindi

Nimeagiza 215 nne na pampu. Mama ameuliza gari litapanda kiasi gani, nikamwambia hata sentimita mbili hazifiki. Amesema ni sawa, lakini kile kistuli cha jikoni sasa kinakaa ndani ya gari, na nisikiguse.