Tumkumbuke vipi binti yetu aliyeuawa Garissa?

Mama Mkubwa, Kakamega
Hamjambo ndugu zangu. Binti wa mdogo wangu alikuwa akisomea ualimu katika Chuo Kikuu cha Garissa alipouawa na al-Shabaab tarehe 2 Aprili 2015, siku ya Alhamisi Kuu. Kila mwaka familia hukutana, padri hutuongoza katika sala, kisha wazungumzaji husimulia upya alfajiri ile, risasi zilizoanza kulia mnamo saa kumi na moja na nusu, wanafunzi waliokuwa wakisali, na siku ambazo wazazi walishinda katika mochari ya Chiromo, Nairobi, wakingoja kuitwa kutambua miili. Mama yake huinama akichezea pindo la leso yake mpaka maneno yaishe. Mwaka huu ameniambia kwamba hataki kuyasikia tena, ilhali mumewe anaona kuwa kunyamaza ni kumzika mtoto mara ya pili. Nifanyeje?

Aliyehamia Eldoret
Pole sana, mama. Mimi ni miongoni mwa waliopelekwa Chuo Kikuu cha Moi baada ya shambulio. Waliouawa walikuwa 148, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi, nasi tulionusurika huulizwa habari za siku ile tu. Nina rafiki aliyeuawa ambaye alikuwa na pasi ya nguo, ya pekee katika bweni letu, na aliibandika karatasi mlangoni yenye majina ya wakopaji, pamoja na onyo kwamba atakayeirudisha ikiwa ya moto hataipata tena. Hilo hakuna mwandishi wa habari aliyewahi kuniuliza. Waombeni wazungumzaji walete mambo ya aina hiyo.

Mjomba, Bungoma
Nakubaliana na mwenzangu, ila kwa sharti moja. Msikifute kifo chenyewe, kwa sababu watoto waliozaliwa baadaye watakisikia shuleni kikiwa kimepindishwa. Semeni kwa sentensi mbili aliuawa wapi, lini na nani walihusika, kisha mwendelee. Mkitaka, ongezeni kwamba mwaka 2019 mahakama ya Nairobi iliwatia hatiani wanaume watatu kwa kushiriki njama hiyo, kwani wapo wazee wanaoamini mpaka leo kwamba hakuna aliyeshtakiwa.

Mkazi wa Garissa
Mimi ni Mwislamu, na nimeishi katika mji huu tangu utotoni. Nawapa pole kwa dhati. Ombi langu ni moja: anayesimama kuzungumza awataje wauaji kwa jina la kundi lao na asilaumu dini nzima, maana wauaji waliwabagua wanafunzi kwa imani zao, na ubaguzi huo haufai kurudiwa kwenye kumbukumbu ya marehemu. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016, na mabinti wa rika lake wamesoma humo wakamaliza.

Mama Mkubwa, Kakamega
Ahsanteni nyote. Nimewasomea wazazi wake majibu haya jikoni. Baba amekubali kuzisema zile sentensi mbili yeye mwenyewe, bila mzungumzaji mwingine kuongeza lolote juu ya kifo. Mama alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akacheka kidogo na kusema kwamba binti yake hakuweza kupika ugali usio na madonge hadi alipoondoka nyumbani, na kwamba hilo atalisimulia yeye.