Milioni 22: nijenge vyumba Mtwara au ninunue nyumba Lindi?

Mtoto wa Korosho: Wakuu, habari za leo. Nina milioni 22, nataka kuanza kupangisha. Nimepata kiwanja Mangamba, Mtwara, na nyumba ya tayari Lindi mjini. Dalali ananisukuma Lindi, anasema mradi wa gesi wa Likong'o, hapo Lindi, ukianza nyumba hazitashikika. Naamua wiki hii.

Fundi Saruji: Mkuu, hujasema kitu. Kiwanja kimepimwa? Anayeuza ni nani? Nyumba ina vyumba vingapi, ina wapangaji? Hela ni yako au mkopo?

Mama Ligula: Mtwara tu. Kuna hospitali ya Ligula, hospitali ya kanda kule Mitengo, vyuo, bandari. Muuguzi mshahara wake hausubiri mnada wa korosho. Jenga vyumba vyenye choo ndani, havikai wazi.

Mchinga Damu: Lindi nako kuna watumishi, mama. Ni makao makuu ya mkoa.

Kaka Mikindani: Mdogo wangu, habari za gesi niulize mimi. Mwaka 2012 mimi na kaka yangu tulijenga nyumba nne Mtwara, vigae chini, kila chumba na tundu la kiyoyozi. Wakaingia watu wa mkandarasi wa bomba la gesi, wakalipa mwaka mzima bila kupunguziwa hata shilingi. Bomba hilo la kwenda Dar likakamilika 2015, wakafunga mizigo. Nyumba zikakaa tupu. Popo walikuwa wanapita kwenye matundu ya viyoyozi, kinyesi chao kikashuka ukutani hadi kwenye swichi, na geti likaliwa na chumvi ya bahari. Tuliposhusha kodi nusu ndipo wakaja walimu wawili, wakachangia nyumba moja. Marejesho ya benki yalilipwa na korosho za mama kule Newala. Likong'o wamesaini makubaliano ya awali Juni 2022. Muulize dalali kama ameona tingatinga.

Mchinga Damu: Pole sana kaka. Lakini nyumba ya tayari inaingiza kodi mwezi huu huu. Kiwanja kinakula saruji.

Fundi Saruji: Ukijenga, kila chumba na mita yake ya umeme. Mita moja vyumba sita, mmoja ana jokofu la kuuza barafu, hapo kila jioni unaamua kesi.

Mama Ligula: Na kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Wapangaji wangu wanailipa, hawajalalamika.

Mchinga Damu: Hiyo ni dhuluma. Kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba. Wakatie kwenye pango.

Mama Ligula: Walikubali kwenye mkataba!

Mtoto wa Korosho: Samahani, nilikuwa kazini. Hela ni yangu. Kiwanja hakijapimwa, kina karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mtaa. Anayeuza ni mtoto wa marehemu. Lindi vyumba vitatu, hati ipo.

Fundi Saruji: Marehemu! Msimamizi wa mirathi ni nani? Barua ya mahakama umeiona? Warithi wenzake wamekubali kuuza?

Mtoto wa Korosho: Anasema msimamizi ni dada yake, yuko Dar.

Kaka Mikindani: Usitoe hata hela ya kishika uchumba mpaka uongee na huyo dada.

Mchinga Damu: Na hiyo hati ya Lindi ipeleke ofisi ya ardhi waikague. Muuzaji ana mke?

Mama Ligula: Mchinga, hujanijibu la mkataba.