Nimeachiwa bia chachu za Ubelgiji dukani, mteja karudisha chupa. Nichukue mzigo au niachane nao?

Mangi Junior
Heshima kwenu wakuu. Nina duka la vinywaji hapa Mikocheni, huu mwaka wa nne. Wateja wangu wengi ni watu wa Kilimanjaro na Serengeti Lite, wa waini wapo, na wazungu wachache wanaopita Ijumaa jioni.

Wiki mbili zilizopita kaja jamaa anayeingiza vinywaji, kaniachia chupa 12 za kujaribu soko, zote za Ubelgiji. Kuna Lindemans za cheri, kuna Rodenbach, na kuna nyingine zimeandikwa Oude Geuze, chupa nene, kizibo na waya kama shampeni. Hizo za mwisho tarehe ya mwisho wa matumizi inasoma 2044. Nikajua hapa wamefoji, bia gani inakaa miaka 20?

Jumamosi mzee mmoja mstaarabu sana, mteja wangu wa siku zote, kanunua hiyo ya kizibo. Nusu saa haijaisha karudi nayo: "Mangi, umeniuzia siki." Nikaonja. Wakuu, ni kali mpaka taya zinabana, halafu kuna kaharufu ka zizi kwa mbali. Nikamrudishia hela yake na radhi juu.

Sasa jamaa anataka nichukue katoni 10, taslimu. Je, imeharibika au ndivyo ilivyo? Na nikichukua itatoka, au nitafia na mzigo? Naomba kuwasilisha.

Balimi Baridi
Rudisha mzigo leo leo. Mtu katoka kazini na joto hili anataka kitu cha baridi, wewe unampa ukwaju wenye gesi kwa bei ya kuku mzima?

Mbeba Boksi BXL
Mangi, haijaharibika. Niko Brussels mwaka wa 11, na mara ya kwanza mimi niliimwaga kwenye sinki, kwa hiyo mzee wako namwelewa kabisa.

Iko hivi. Bia ya kawaida inatiwa hamira ya kiwandani. Hii hawatii kitu. Wanapika shayiri iliyooteshwa pamoja na ngano mbichi, wanatia hopsi (yale maua ya kutia bia uchungu) kuukuu zilizoisha uchungu, kisha wanamwaga uji wote kwenye sinia pana usiku wa baridi ili hamira na bakteria wa hewani waingie wenyewe. Ndiyo maana wanapika kuanzia Oktoba hadi Aprili hivi, joto likizidi wanaingia vijidudu wasiotakiwa. Cantillon, kiwanda cha tangu 1900 pale Anderlecht, wanafanya hivyo mpaka leo na ukienda unaonyeshwa hilo sinia la shaba juu darini.

Baada ya hapo inalala kwenye mapipa ya mbao. Hiyo inaitwa lambic. Geuze ni mchanganyiko wa lambic ya mwaka mmoja, miwili na mitatu. Ile changa bado ina sukari, kwa hiyo inaendelea kuchachuka ndani ya chupa. Gesi inatoka hapo, na kizibo cha waya ni kwa sababu hiyo. Harufu ya zizi nayo ni ya hamira moja ya porini, wenyewe wanaisifia. Na 2044 siyo foji, Boon, watengenezaji wa geuze, wanaandika hata miaka 20 mbele.

Kitu cha kukusaidia dukani: tazama neno *Oude*. Likiwepo, hakuna sukari iliyoongezwa, ni chachu tupu. Zile za cheri zisizo na neno hilo mara nyingi zimetiwa utamu, hata asiyekunywa bia ataimaliza. Rodenbach ni ukoo mwingine, inatoka Roeselare, nyekundu, inalazwa kwenye mapipa makubwa ya mwaloni. Haibani taya kama geuze.

Mnyalukolo
Nashangaa mnashangaa. Ulanzi nani anatia hamira? Unakata mwanzi, unatega mbeta, asubuhi mtamu, keshokutwa mkangafu na watu wazima wanaugombania. Mnazi hivyo hivyo. Mangi, wewe na mbege ya kwenu unaogopa bia chachu? Tatizo umemuuzia mtu mkangafu ukamwambia ni togwa.

Shangazi wa Kilimani
Nikiwa Nairobi: hiyo nyekundu niliinywa na mbuzi choma na kachumbari, ilikata mafuta vizuri sana. Usiiweke kwenye friji moja na lager. Fungua moja, wape watu kwa glasi ndogo, na uwaambie kabla hawajaonja kwamba ni chachu.

Forodha Mstaafu
Mmeongea ladha tu. Kijana, angalia kama kila chupa ina stempu ya kielektroniki ya TRA, kisha muulize jamaa karatasi za TBS. Asipokuwa nazo, wakija kukagua watamkuta nani dukani? Wewe.

Mbeba Boksi BXL
Naongezea: chupa hizo zina hamira hai, zisikae juani wala kwenye stoo ya bati. Na usizitikise, geuze ya moto ikifunguliwa itapaka dari.

Mangi Junior
Shukrani wakuu. Mnyalukolo umenimaliza, kweli mbege nimenyweshwa nikiwa mdogo sijui hata bia ni nini.

Nilichopanga: katoni mbili za cheri, moja ya Rodenbach, na geuze chupa sita tu kwa mali kauli, nikiuza ndio nalipa. Mzee wangu nimemwambia Jumamosi apite, nitampa ya cheri bure.

Ila nimefuata maneno ya Forodha Mstaafu, nimezipanga zote kaunta nikazikagua moja moja. Za cheri zina stempu, Rodenbach zina stempu. Za kizibo hakuna hata moja. Nimempigia jamaa tangu saa nne asubuhi, simu inaita tu.