Nimechoka na michezo ya vita ya mezani inayonigeuza karani wa stoo, halafu mnaita huo "uhalisia"

Wakuu, leo mnivumilie, nina hasira. Jumamosi nzima imeishia kwenye ubishi wa ukurasa gani unaosema lori likipita kwenye mchanga linakunywa petroli kiasi gani. Hakuna hata risasi moja iliyopigwa. Kulalamika kidogo tu, nikaambiwa nikacheze Risk, ule mchezo mwepesi wa kuteka ramani ya dunia, na watoto.

Nyie wapenzi wa vitabu vinene vya kanuni, kila mkiulizwa mnajikinga na neno hilohilo, uhalisia. Uhalisia wa nani? Chukueni The Campaign for North Africa, ule wa kampuni ya SPI wa 1979 alioutunga Richard Berg, ambao mnausujudia. Wachezaji 10, vipande zaidi ya 1,500, na muda wa kuumaliza unakadiriwa saa 1,500. Haya tupige hesabu: saa 3 kila Jumamosi bila kukosa ni wiki 500, miaka tisa na ushee. Vita vyenyewe vya jangwani, tangu Juni 1940 hadi Mei 1943, havikutimiza hata miaka mitatu!

Na humo ndimo ilimo ile kanuni ya vikosi vya Waitalia kudai maji ya ziada ya kuchemshia tambi. Tambi, wakuu. Nionyesheni jenerali aliyeshinda hemani akipima maji ya sufuria za kila batalioni. Kuna watu wa ugavi kwa kazi hiyo. Yeye analetewa jibu tu: mafuta yanafika bandari ya Tobruk au hayafiki. Hapo sasa ndipo kichwa kinapouma, asonge mbele au angoje na adui naye ajipange? Mchezo unaonitaka niwe jenerali, karani, mpishi na fundi wa malori kwa zamu moja haufanani na vita hata kidogo. Unafanana na ofisi mwisho wa mwezi.

John Hill alilijua hili alipotoa Squad Leader, mchezo wa mapigano ya vikosi vidogo, mwaka 1977. Hakuhangaika na kila risasi, alitazama matokeo: wale askari wamesimama imara au wamekimbia? Basi. Kisha zikaja nyongeza juu ya nyongeza, hadi 1985 tukaletewa Advanced Squad Leader, kanuni zake zinakaa kwenye faili la pete ili ziendelee kuongezwa. Mmeona wenyewe.

Wala wa upande wa pili, wa michezo myepesi, wasishangilie. Risk nayo mtu anajikalia Australia, mlango mmoja tu wa kulinda, anaokota majeshi 2 ya ziada kila zamu akingoja wenzake wachoshane. Jeshi linavuka bara zima bila kula. Memoir '44, ule mwepesi wa Vita vya Pili vya Dunia, naipenda, lakini kikosi cha miguu kilichobakiwa na askari mmoja kati ya wanne kinarusha dadu 3 zilezile adui akiwa karibu. Kweli jamani? Ila kadi zake zinazokuruhusu kuamuru kushoto, kati au kulia tu zina ukweli ambao majedwali yenu hayana: unaiona hatari na amri yako haifiki.

Ninachotaka ni kanuni chache zinazouma. Mfano, vita vya 1914 hadi 1918 hapa kwetu Afrika Mashariki. Mbali na reli mzigo ulibebwa kichwani, maana ndorobo waliua farasi na nyumbu. Mpagazi naye lazima ale, na chakula chake ni sehemu ya mzigo, kwa hiyo safari ikirefuka kinachofika ni kidogo. Andika hivi: kila hatua mbili kutoka relini, kikosi kinapoteza kipande kimoja cha shehena. Sentensi moja. Mchezaji wa upande wa Waingereza ataelewa mwenyewe kwa nini kumfukuza Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, hadi kusini ya mbali ni kazi, na kwa nini ile Reli ya Kati inapiganiwa. Hakuna haja ya kuhesabu kila kibaba cha unga.

Lakini nawajua nyie. Mkipewa mchezo wa mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, yale ambayo nyuki waliwavamia askari, mtadai jedwali la nyuki, lenye mwelekeo wa upepo na idadi ya mizinga, na hapo msomaji wa kanuni hajui kama ni mizinga ya asali au ya kufyatua.

Mwenye mchezo ambao ugavi wake umeelezwa kwa ukurasa mmoja na bado unaumiza kichwa autaje hapa. Mods, uzi huu msiuunganishe na ule wa drafti.