Mkate wa kumimina unanigomea huku Ujerumani

Wapendwa habari zenu, naombeni msaada. Mi mtu wa Tanga nipo Hamburg mwaka wa tatu, Idi huku ni siku ya kazi kama zingine, sa nataka angalau usiku nyumba inukie iliki, taarabu ikilia, watoto waone. Mchele naloweka usiku kucha, nasaga na tui la kopo, sukari na hamira, unaumuka vizuri tu ila kwenye oveni juu unababuka katikati mbichi. Nimejaribu 200, nikashusha 180, wapi. Mama nikimpigia anasema "moto wa kiasi", kiasi ndo ngapi jamani, yeye si anapalia makaa juu ya mfuniko! Nianzie kwenye jiko la umeme ndo niingize oveni? Na basmati inafaa kweli au ndo inaniangusha?