Mafundi wanawake wa pampu ya Afridev: tuanzie wapi?

mtumia_maji: Kisima chetu cha mita 30 kina pampu ya mkono aina ya Afridev. Akina mama ndio wanaokusanya fedha na kusafisha eneo, lakini mafundi wanaotambuliwa na kulipwa ni wanaume wawili, tena mara nyingi wako mbali kwa vibarua. Tunataka akina mama wafundishwe. Wapo wanaosema kuvuta rodi, zile fimbo za chuma zinazoshuka kisimani kutoka kwenye mpini, kunataka nguvu za mwanamume. Kweli?

fundi_kisima: Si kweli. Afridev ilijaribiwa Kwale, Kenya, miaka ya 1980, ikikusudiwa kutengenezwa na wanakijiji wenyewe, wanawake wakiwemo. Rodi moja, karibu mita 3, ina kilo 2 hivi. Kisima chenu ni rodi 10, kilo 20 na ushei: ndoo ile ile wanayojitwisha kila siku. Spana moja inafungua kichwa, rodi zinanasuliwa kwa mkono, na vali ya chini, inayozuia maji kurudi kisimani, inavuliwa kwa kifaa chake bila kung'oa bomba. Wafanye wawili, mmoja ashike na mwingine anasue, maana rodi ikiponyoka inatumbukia.

Waanze na dalili. Mpini unayumba pembeni: bushi, vile vipete vinavyoshika mpini, zimelika. Asubuhi unapiga sana kabla maji hayajatoka: vali ya chini inavuja. Maji yanapungua siku hadi siku: imelika sili ya pistoni, yaani mpira wa kile kinachopandisha maji ndani ya bomba. Mpini mwepesi ghafla na hakuna maji: rodi zimeachana. Sili na bushi zibadilishwe kila mwaka hata kama pampu inatoa maji.

katibu_jumuiya: Fundisheni watatu, maana mmoja akijifungua au akihama mnarudi mlikotoka. Mafunzo yafanyike pale pale kisimani, saa nne asubuhi hadi saa saba mchana, si wiki nzima mjini.

Sanduku la spana na vipuri likae kwa fundi. Likikaa kwa mwenyekiti, yeye ndiye ataitwa fundi. Daftarini iandikwe tarehe, kipuri, jina la aliyekifunga na alicholipwa. Malipo yapitishwe na mkutano mkuu, yawe sawa kwa wote, yaingie kwenye simu ya fundi mwenyewe. Muhtasari wa mkutano wenye majina ya mafundi upelekwe RUWASA (wakala wa maji vijijini) wilayani. Na wakija wageni, anayeifungua pampu ndiye aieleze.

mtumia_maji: Na mafundi wa sasa wakigoma kukabidhi vifaa?

katibu_jumuiya: Vifaa ni mali ya jumuiya ya watumia maji, vihesabiwe mbele ya mkutano. Lakini msiwafukuze. Bomba la PVC lililogundishwa likipasuka huvutwa lote, na hapo mnahitaji mikono mingi.